Msitu wa Karura kwa Miguu au kwa Baiskeli: Ulinganisho kwa Anayesita Kuchagua

Wengi wanaopanga kuitembelea Karura, msitu ulio ndani ya jiji la Nairobi, mwishoni mwa juma hufika langoni wakiwa na swali ambalo hawajalimaliza nyumbani: waingie kwa miguu, au wakodi baiskeli? Swali hilo huonekana dogo. Hata hivyo, msitu huu una zaidi ya hekta 1,000, na njia zake zikijumlishwa hupita kilomita 50, kwa hiyo namna utakayoingia ndiyo itakayoamua utaona nini, utachoka vipi, na utatoka umeujua msitu kwa kiasi gani. Makala haya yanazilinganisha njia hizo mbili kwa vigezo vilevile, ili msomaji aondoke na jibu linalomfaa yeye na wale atakaoandamana nao.

Ni vyema kwanza kukumbuka kwamba uhuru wa kuchagua kati ya viatu na pedeli haukupatikana bure. Msitu huu ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, na ilipofika miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi waliotaka kujenga humo. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, walipoingia kupanda miche mnamo Januari 1999 walishambuliwa na kupigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Baada ya maandamano ya mwaka huo ujenzi ulisimama, na mwaka 2004 Maathai akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kwa miaka mingi baadaye wakazi waliendelea kuuogopa msitu kwa sababu ya wahalifu, hadi ulipozungushiwa uzio wa umeme, ukawekewa walinzi, na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2011 chini ya usimamizi wa pamoja wa Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS, na chama cha jamii cha Friends of Karura Forest. Mtembeaji na mwendesha baiskeli wa leo wanapita mahali ambapo pangekuwa na nyumba na lami, na jambo hilo linafaa kuwemo akilini tunapozungumzia adabu za njia hapo chini.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo sita: muda na umbali; kinachoonekana na kusikika; kazi inayofanywa na mwili; hali ya njia katika majira mbalimbali; gharama na maandalizi; na usalama pamoja na watu unaoandamana nao. Havina uzito sawa. Kwangu mimi, kigezo cha pili na cha nne ndivyo huamua mambo mara nyingi zaidi, ijapokuwa watu wengi huanza kwa kuulizia bei.

Muda na umbali

Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda kilomita nne hadi tano kwa saa, na hupungua kidogo penye miinuko au pale anapoandamana na watoto. Akiingia kwa lango la barabara ya Limuru, akaenda hadi maporomoko ya mto Karura, akapita kwenye mapango na kurudi alikotoka, atumie saa mbili hadi tatu, zikiwemo dakika za kupumzika. Hiyo ni safari kamili, lakini ni kipande tu cha msitu. Upande wa barabara ya Kiambu ataukosa, isipokuwa awe amejitolea kutembea karibu siku nzima.

Mwendesha baiskeli asiye na haraka huenda kilomita kumi hadi kumi na tano kwa saa kwenye njia pana za murramu, yaani udongo wa kokoto ulioshindiliwa. Kwa saa mbili anaweza kuvuka kutoka upande wa Limuru hadi upande wa Kiambu na kurudi, akapita ziwa dogo la Lily, sehemu za mianzi, mashamba ya mikaratusi na msitu wa asili, tena akabakiwa na muda wa chai. Kwa mtu mwenye asubuhi moja tu kabla ya kusafiri, na ambaye anataka kuujua ukubwa wa mahali hapa, baiskeli ina faida iliyo wazi. Makutano mengi ya njia yamewekewa nambari, na ukiwa na ramani hutapotea. Hata hivyo, mwendesha baiskeli hukutana na makutano hayo kwa kasi zaidi, na ni rahisi kwake kupita lile alilokusudia kukata kona. Asimame kila mara aangalie.

Kinachoonekana na kusikika

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa zaidi, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie.

Wanyama wa Karura si wa kuonekana kwa mbali kama wale wa mbugani. Ni wadogo, wenye haya, na wengi hukaa kivulini: funo, paa, pongo, nguruwe mwitu, fungo. Huonekana na mtu aliyesimama kimya kwa dakika kadhaa penye njia nyembamba, hasa asubuhi na mapema. Kima ni wepesi kuonekana, hata ni wepesi mno, kwa sababu wamezoea watu na hunyakua chakula kilichoachwa wazi. Mbega wenye manyoya meusi na meupe walirudishwa msituni humu kuanzia mwaka 2014 wakitolewa eneo la Kipipiri katika kaunti ya Nyandarua, ambako makazi yao yalikuwa yamefinywa na mashamba. Hao hukaa juu ya miti, na mara nyingi humjui mbega yuko wapi mpaka usikie matawi yakitikisika, kisha uinue macho na kusubiri. Mwendesha baiskeli ana macho yake kwenye mizizi na mawe yaliyo mbele ya gurudumu, na ndivyo inavyompasa, maana akitazama juu ataanguka.

Ndege nao wana masharti yaleyale. Tai mwenye kishungi, anayewinda nyani wadogo na paa, hutambuliwa kwanza kwa mlio wake wa juu, na shorobo mwenye mabawa mekundu huonyesha wekundu huo pale tu anaporuka kutoka mti mmoja hadi mwingine. Tairi likiwa linasaga kokoto chini yako, sauti hizi hufifia.

Miti nayo husomwa polepole. Anayetembea anaweza kusimama mbele ya muhugu, mti wa mbao nzito uliokatwa sana nchini kwa ajili ya vinyago, akaelewa kwa nini mahali ambapo bado umesimama ni pa kuthaminiwa. Anaweza kulinganisha mukinduri na muthiga, ambao gamba lake lina ukali wa pilipili na limetumika tangu zamani kutibu kikohozi na maumivu ya tumbo. Tena anaweza kuona kwa macho yake tofauti ya msitu wa asili, wenye vichaka vya kila kimo, na mistari iliyonyooka ya mikaratusi ambako chini hakuoti mengi.

Baiskeli nayo ina uoni wake, na si haki kuudharau. Anayeendesha huona jinsi msitu unavyobadilika kutoka eneo moja hadi jingine ndani ya muda mfupi: ubaridi wa bonde la mto, mwanga wa sehemu iliyopandwa upya, giza la msitu mkongwe. Mtembeaji hukutana na mabadiliko hayo kwa kuchelewa mno kiasi cha kutoyahisi. Mtu anayetaka kuelewa umbo la Karura, yaani mito yake inatiririka kuelekea wapi na vilima vyake vinakaaje, atajifunza haraka zaidi akiwa kwenye baiskeli.

Kuhusu maporomoko na mapango, ambayo husemekana kuwa yaliwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950, wote wawili huishia kuwa watembeaji. Ngazi na vijia vya kushukia mtoni havipitiki kwa baiskeli. Mwenye baiskeli hulazimika kuiacha juu na kuifunga, kwa hiyo asisahau kufuli.

Kazi inayofanywa na mwili

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, au ya nguvu nyingi kwa dakika 75 hadi 150. Kutembea kwa haraka huhesabiwa katika kundi la kwanza. Kuendesha baiskeli penye miinuko kwa kawaida huingia katika kundi la pili. Kwa maana hiyo, matembezi ya saa mbili na nusu Jumamosi yanaweza kukamilisha kiwango cha chini cha juma zima, na mzunguko wa baiskeli wa saa moja na robo wenye vilima vya kutosha hufanya kazi iyo hiyo.

Lakini mwili hauhesabu dakika peke yake. Kutembea humbebesha mtu uzito wake mwenyewe, jambo linalosaidia kuimarisha mifupa, na ndiyo sababu huwafaa sana wanaoanza kuzeeka. Upande wa pili, kushuka ngazi za kuelekea mtoni hukandamiza magoti, na mwenye maumivu ya goti huyasikia zaidi akishuka kuliko akipanda. Kwenye baiskeli kiti hubeba sehemu kubwa ya uzito, magoti hujikunja bila kugongwa, na mtu mnene au mwenye viungo vinavyouma huweza kufanya mazoezi marefu zaidi bila kuteseka. Sharti ni kwamba kiti kiwe kimewekwa kimo kinachofaa: ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kilicho chini mno ndicho huleta maumivu ya magoti ambayo watu huilaumu baiskeli.

Wanaotoka Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar wakumbuke kwamba Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Pumzi hukatika mapema katika siku za kwanza. Mtembeaji atapunguza mwendo tu, ila mwendesha baiskeli aliyekwama katikati ya mlima na gia isiyofaa atashuka na kusukuma. Kusukuma si aibu.

Hali ya njia na majira

Udongo wa Karura ni mwekundu wenye mfinyanzi mwingi. Ukiwa mkavu ni mgumu na mzuri kwa magurudumu. Ukilowa hushika kila kitu kama gundi. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, hugeuza vijia vilivyo kivulini kuwa utelezi unaodumu siku kadhaa hata baada ya jua kurudi, kwa kuwa mwanga haufiki chini.

Katika majira hayo anayetembea ana nafuu kubwa. Akivaa viatu vyenye meno na kubeba fimbo, atapita karibu kila mahali, na mto ukiwa umejaa, maporomoko huwa yamechangamka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mwendesha baiskeli atakuta tope limejaa kati ya tairi na fremu, breki za mpira zimeshindwa kushika rimu, na mnyororo unalia. Anayeendesha mara kwa mara kwenye mvua atafute baiskeli ya milimani yenye tairi pana na breki za diski, na abaki kwenye barabara pana zilizowekwa murramu. Kuna sababu nyingine ya kubaki huko: gurudumu linalopita kwenye udongo laini huacha mfereji, maji hufuata mfereji huo, na baada ya misimu michache njia huwa korongo. Viatu pia huharibu, hasa watu wanapokwepa dimbwi na kuipanua njia kwa kukanyaga pembezoni, ila uharibifu wa magurudumu kwenye miteremko huja haraka zaidi.

Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi huwa na baridi na manyunyu. Miezi hiyo, mtu aliyetoka jasho kwenye baiskeli na kuanza kushuka kilima hupigwa na ubaridi kifuani, kwa hiyo abebe jaketi jepesi la kuzuia upepo. Januari na Februari, njia zinapokuwa kavu, ndiyo miezi mizuri zaidi kwa baiskeli.

Gharama na maandalizi

Kiingilio hulipwa na wote. Viwango hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni kutoka nje, na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ni busara kuulizia kabla ya kuondoka nyumbani na kuhakikisha kuna pesa kwenye simu, maana ndiyo njia ya kawaida ya kulipia. Mtembeaji akishalipa hapo amemaliza: anahitaji viatu vizuri, maji, na kofia.

Anayekodi baiskeli ataongeza ada ya kukodi kwa muda atakaotumia, na wikendi yenye jua baiskeli nzuri huisha mapema. Kabla hujaondoka na baiskeli ya kukodi, minya breki zote mbili huku ukiisukuma mbele, bonyeza tairi kwa kidole gumba, badili gia zote, na uombe helmeti inayokukaa sawa. Dakika tano hizo zitakuepusha na taabu nyingi. Anayeleta baiskeli yake anajua tabia zake, lakini atabeba tyubu ya akiba, pampu na vifaa vya kuziba pancha. Atahitaji pia kufikiria namna ya kufika, kwa kuwa barabara za Limuru na Kiambu zina magari mengi. Mtembeaji hana tatizo hilo: matatu za Ruaka na Banana hupita barabara ya Limuru, na za Kiambu hupita upande wa pili, kwa hiyo anaweza kuingia kwa lango moja na kutokea kwa jingine bila kurudi alikoliacha gari. Hii ni faida ambayo watu wachache huitumia, na ambayo ningependa itumiwe zaidi.

Usalama, adabu za njia, na wale unaoandamana nao

Walinzi huzunguka msituni, na malango hufungwa jioni. Ulizia saa ya kufunga unapoingia. Hatari kubwa iliyobaki ndani ya uzio ni mgongano. Kona nyingi zina vichaka pande zote mbili, na mtoto wa miaka minne akitokea mbele ya baiskeli iendayo kasi, hakuna breki itakayotosha. Msimamo wangu ni kwamba anayeendesha ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu ndiye mwenye kasi na chuma. Apunguze mwendo kabla ya kona, apige kengele mapema, aseme neno la salamu anapopita, na asiingie vijia vilivyotengwa kwa watembeaji hata kama hakuna mlinzi anayemwona. Mtembeaji naye ana wajibu wake: akae kushoto, asitandaze kundi lake njia nzima, na asizibe masikio yote mawili kwa muziki. Mwenye mbwa amshike kwa kamba kama kanuni zinavyotaka. Mbwa ni sababu nyingine ya kuchagua miguu, maana kamba na gurudumu haviendi pamoja.

Kwa familia yenye watoto wachanga au wazazi wazee, kutembea huwaweka watu wote pamoja, na mwendo huamuliwa na aliye dhaifu kuliko wote. Mama mkwe aliyechoka anaweza kukaa kwenye benchi na mjukuu mmoja huku wengine wakiendelea kidogo. Kwa watoto wa miaka minane hadi kumi na minne mambo hubadilika. Wengi wao huona kutembea saa mbili kuwa adhabu, na haohao wataendesha baiskeli hadi waambiwe inatosha. Ulizia mapema kama kuna baiskeli za kimo chao, kwa sababu mtoto aliyepewa baiskeli ya mtu mzima hafiki chini anaposimama.

Mwongozo kwa hali yako

Ukiwa ni mara yako ya kwanza Karura na una nusu siku, tembea hadi maporomoko na mapango, uiache baiskeli kwa siku nyingine. Ukiwa umeshafika huko na hujui upande wa Kiambu ukoje, sasa kodi baiskeli.

Ukipenda ndege na wanyama, ingia kwa miguu lango linapofunguliwa, na uende na watu wasiozidi wanne. Ukitaka mazoezi ya moyo na mapafu na una saa moja na nusu tu kabla ya kazi, baiskeli itakupa zaidi kwa muda huo huo.

Ukiwa na goti bovu lakini moyo mzima, chagua baiskeli kwenye njia pana, na uziepuke ngazi. Ukiwa na mifupa inayohitaji kuimarishwa, au unarudi kwenye mazoezi baada ya ugonjwa, tembea kwenye sehemu tambarare na uongeze umbali kidogo kidogo, baada ya kushauriana na daktari wako.

Ikiwa mvua imenyesha siku mbili mfululizo, tembea. Ikiwa bado unataka gurudumu, subiri njia zikauke au ubaki kwenye murramu.

Kundi likiwa na watu wa uwezo tofauti, si lazima lifanye jambo moja. Wanaotaka kuendesha wazunguke upande wa mashariki, wanaotaka kutembea wafuate bonde la mto, na wote wakubaliane kwa nambari ya makutano mahali pa kukutania na saa ya kufika. Na kama unaishi katikati ya jiji na una saa moja tu, si lazima ufike Karura. Bustani ya miti ya Nairobi, Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ina takribani hekta 30. Hapo ni padogo mno kwa safari ya baiskeli, lakini kwa miguu panatosha kabisa, na miti yake mingi ni ya kutoka nchi nyingine, kwa hiyo mtu aliyeizoea Karura atapata cha kulinganisha.